Madawati Kumi

Mwezi uliopita tulimzika Mwalimu Sanga kwao Mafinga, na kila aliyesimama kumsemea alimsifu kwa jambo lilelile: kwamba tangu awe mwalimu wa taaluma, shule yetu haikupata tena sifuri kwenye mtihani wa kidato cha nne. Ni kweli kabisa. Mimi nilikuwapo mwaka ambao sifuri zilikomeshwa, na najua zilikwenda wapi. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, baridi ya msitu wa mipaini inanipanda miguuni, nikawa naitikia kwa kichwa kama wenzangu. Mimi ni mstaafu sasa. Nimefika umri ambao mtu anaweza kusinzia msibani na asisemwe, lakini siku ile macho yalikuwa makavu, na sababu yake nitaieleza kabla sijamaliza. Nilimpenda Mwalimu Sanga. Hilo nalisema mapema, maana mtu akinisoma haraka anaweza kudhani naandika kumchafua marehemu.

Mwaka ninaousema ulikuwa wangu wa kwanza kazini. Nilikuwa na miaka ishirini na nne, nimetoka Mbeya na begi moja na godoro lililokunjwa, nikapanga chumba Kihesa, Iringa mjini, kwenye nyumba ya mjane mmoja wa Kilutheri aliyeitwa Mama Ezekia. Chumba kilikuwa na dirisha moja lililotazama banda la nguruwe. Siku ya kwanza Mama Ezekia aliona nimejifunga mtandio, akaniuliza jina, nikasema Rukia. Akatazama banda, akanitazama mimi, akacheka mpaka akashika kiuno. "Mwanangu, hawa majirani zako hawana neno. Ila sufuria yako nitaiweka peke yake, hata mwiko." Na kweli, mwaka mzima ile sufuria yenye mkono wa waya mwekundu haikuguswa na chakula kingine. Tulikula pamoja jikoni, yeye na chungu chake mimi na sufuria yangu, ugali mmoja katikati, mboga ya maboga, maharage, na Juni baridi ilipokaza tukala makande huku tumeweka miguu karibu na jiko la mkaa. Alikuwa ananitania kwamba nakula kama kuku anayechagua. Nikikumbuka mwaka ule, joto lote ninalolikumbuka lilikuwa kwenye jiko lile.

Shuleni hakukuwa na joto. Ilikuwa shule ya binafsi, jina lake naliacha, imejengwa juu ya mlima, na ukisimama kwenye lango lake unaiona Ipogolo chini kabisa, na malori yanapita barabara kuu madogo kama viberiti. Mwaka uliotangulia matokeo yalikuwa mabaya, na somo lililoiangusha shule lilikuwa langu, Baiolojia. Wazazi walianza kuhamisha watoto. Mkuu wa shule alikuwa mtu wa safari nyingi na maneno machache. Kazi yote alimwachia Mwalimu Sanga, ambaye alikuwa ametoka kwenye semina ya upimaji na kurudi na maneno mawili aliyoyashika kama mtoto aliyeshika pipi: uhalali na uthabiti. Mtihani wenye uhalali, alitufundisha ubaoni ofisini, unapima kile unachodai kupima. Mtihani wenye uthabiti, ukiurudia, unatoa jibu lilelile. La kwanza alilieleza dakika tano. La pili alilieleza mpaka chai ikapoa. Mwisho akatangaza kwamba wanafunzi wa kidato cha tatu, arobaini na wawili, watafanya mchujo wa Baiolojia, maswali hamsini, yote ya kuchagua. Insha zina upendeleo, alisema, mwandiko mzuri unamhonga msahihishaji, lakini herufi haina sura wala kabila. Watakaoshindwa hawataingia kidato cha nne hapo shuleni. Akanigeukia. "Mwalimu Rukia, wewe damu yako bado changa. Utatunga."

Niseme ukweli, nilifurahi kupita kiasi. Nilitunga ule mtihani wiki tatu, chumbani, nimejifunika blanketi aliloniazima Mwalimu Sanga mwenyewe, kamusi na vitabu viwili kwenye mapaja. Kuandika jibu sahihi ni rahisi. Ufundi uko kwenye yale matatu ya uongo, ambayo sisi walimu tunayaita vipotoshi. Yanatakiwa yafanane na ukweli kiasi cha kumvuta mtu anayejua nusunusu. Nilivitunga vipotoshi kama mtu anayetega panya, na nilikuwa najisomea peke yangu nikitabasamu. Siku moja ya mwanzo wa Oktoba, kabla mtihani haujafanywa, nilikuwa maabara nafuta vioo vya hadubini. Ukuta kati ya maabara na stoo ulikuwa wa mbao nyembamba, na nikamsikia Mwalimu Sanga akiongea na mtunza stoo. "Kidato cha tatu, ukipata gari, toa madawati kumi upeleke Mafinga kwa fundi, ayageuze meza za ofisi." Mtunza stoo akauliza, "Kumi, mwalimu? Sasa watakaa wapi?" "Mwakani hayatakuwa na watu." Nikaendelea kufuta vioo. Nilidhani labda wanafunzi wanahama. Siwezi kueleza kwa nini sikujiuliza amejuaje idadi ya watakaoshindwa mtihani ambao ulikuwa bado kwenye begi langu. Nadhani mtu anayefurahia kazi yake masikio yake huwa yanachagua.

Mtihani ukafanyika. Wiki mbili baadaye, bila kuwaambia, tukawapa uleule tena, tumebadilisha tu mpangilio wa maswali. Nilisahihisha kwa kutumia karatasi iliyotobolewa matundu, dakika mbili kwa kila mwanafunzi, nikampelekea Mwalimu Sanga majina kumi ya mwisho. Akachukua orodha ya mtihani wa kwanza, akaziweka sambamba mezani, kidole kinashuka. Kisha akapiga meza. "Kumi walewale! Mwalimu Rukia, umeona? Walewale!" Akaagiza mandazi kwa ofisi nzima. Walimu wakanipa mkono. Nami nilikula mandazi mawili nikajiona nimefika mbali, mtoto wa Mbeya, mwaka wa kwanza kazini, nimetunga mtihani usioyumba. Kitu kimoja tu kilinikwaruza, jina la kumi kutoka mwisho. Lilikuwa la Roida.

Roida alikuwa mwanafunzi wa kutwa, binti wa mama mmoja aliyeuza nyanya na vitunguu kando ya barabara kuu pale Ipogolo. Alipanda ule mlima kila asubuhi kwa miguu. Darasani ndiye niliyemtegemea. Nikikwama kuchora moyo ubaoni, yeye alikuja kunichorea, vyumba vyote vinne, na mishale ya damu ikienda inakotakiwa kwenda. Jioni ile nilimsimulia Mama Ezekia habari za uthabiti, kwa majivuno, halafu nikamwambia na la Roida. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Hakuinua kichwa. "Pale sokoni kuna mama ana sado," akasema, akimaanisha lile kopo la rangi ambalo wauza nafaka wote hupimia. "Kitako amekibonyeza kwa ndani na nyundo. Ukipima leo, ukipima kesho, ukipima mwaka ujao, ni kipimo kilekile. Haijakosea hata siku moja kuniibia." Akapuliza makapi. Nikaacha kula. Nilikasirika, siyo kwa sababu alikosea bali kwa sababu hakuwahi kukaa kwenye semina yoyote.

Kesho yake baada ya vipindi nilimwita Roida kwenye kiofisi changu cha maabara, nikamfungulia karatasi yake. Nikamwambia tuongee Kiswahili, ingawa somo na mtihani vilikuwa vya Kiingereza. Swali la kumi na saba liliuliza malaria husababishwa na kiumbe wa kundi gani, na yeye aliacha "protozoa", akachagua "insect" mara zote mbili.

"Kwa nini hapa umeweka A?" nikamuuliza.

"Si mdudu, madam?"

"Mdudu gani?"

"Plasmodiamu." Akanishangaa. "Mbu jike akikuuma anakuachia wale wadudu, wanakwenda kwanza kwenye ini, wanazaliana, halafu wanaingia kwenye chembe nyekundu za damu, zinapasuka, ndo unapata homa. Hata zahanati wanakuandikia, wadudu wawili, wadudu watatu. Na mdudu kwa Kiingereza nimeangalia kamusi. Ni insect."

Alichonieleza kilikuwa kirefu na sahihi kuliko nilivyofundisha. Nikaenda swali jingine, lile nililojivunia kuliko yote. Liliuliza kipi kinachopeleka taarifa kutoka mguuni hadi kwenye ubongo, na majibu yalikuwa "vein", "nerve", "tendon" na "artery". Roida alicheka kwa mara ya kwanza, akaziba mdomo.

"Hilo madam nilitaka kukuuliza siku ileile ya mtihani, nikaogopa. A mpaka D zote ni mshipa."

"Zote?"

"Nyumbani tuna kakamusi kadogo. Hiyo mshipa, hiyo mshipa, hiyo mshipa, hiyo mshipa. Nikasema basi madam amekosea kuchapa. Nikaweka A."

Nilichukua kamusi yangu mwenyewe. Alikuwa sahihi. Mshipa wa damu, mshipa wa fahamu, mshipa ulioteguka mguuni, hata ngiri, ule ugonjwa unaowashika wanaume kinenani. Kule kwenye swali la matunda, binti wa muuza nyanya alikataa kabisa kwamba nyanya ni tunda. Nyanya ni kiungo, madam, hakuna mtu anampelekea mgonjwa nyanya. Tulikaa kama dakika arobaini. Tulipata maswali sita ya namna hiyo, ambayo mtu aliyejua somo kwa lugha yake angeyakosa leo na kuyakosa kesho, kwa uthabiti kabisa. Kipotoshi kikubwa kilikuwa mimi, niliyedhani ninapima Baiolojia. Nilimwambia aende nyumbani asiwe na wasiwasi. Alitoka anacheka, nami nikabaki kuandika yale maswali sita kwenye karatasi safi, kwa hasira na kwa kitu ambacho, nikikumbuka vizuri, kilikuwa furaha. Nilikuwa nimepata mtu wa kumwokoa.

Asubuhi iliyofuata nilimpelekea Mwalimu Sanga. Nilitegemea ugomvi; nilikuwa nimejipanga kwa maneno makali. Hakugomba. Alisikiliza yote, akavua miwani, akaifuta kwa tai. "Umefanya kazi ya mwalimu," akasema. "Maswali sita yana kasoro. Tunayafuta kwa wote. Siyo kwa Roida tu, kwa wote arobaini na wawili, ndiyo haki. Hesabu upya." Nikahesabu upya palepale mezani kwake, kwa maswali arobaini na manne. Roida akapanda, akavuka wenzake karibu kumi, akawa salama. Nikamwonyesha. Akatabasamu kweli, alimpenda yule mtoto kama mimi. Kisha akashusha kidole mpaka chini ya orodha, akaanza kuhesabu kurudi juu kutoka mwisho. Moja, mbili, tatu. Alipofika kumi kidole kikasimama.

"Editha," akasoma. "Basi. Editha."

Editha alikaa safu ya nyuma karibu na dirisha. Alikuwa mkimya kiasi kwamba mwaka mzima sikumbuki kumsahihisha wala kumsifu. Yale maswali sita alikuwa ameyapata yote. Tulipoyafuta tulifuta alama zake sita. Nikamwambia Mwalimu Sanga, kwa sauti ndogo kuliko niliyokuwa nimeiandaa, kwamba mtihani wote sasa una mashaka, kwamba pengine na wengine tuwaite tuongee nao mmoja mmoja, kwamba tungeweza tu kuwaacha wote. Akavaa miwani yake.

"Mwalimu Rukia, madawati yameshaondoka."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekuambia basi limeondoka. Hapo ndipo nilipoelewa yale niliyoyasikia kupitia ukuta wa mbao: idadi ilikuwa imeamuliwa kabla ya swali la kwanza kuandikwa, na kazi yangu yote, vipotoshi vyangu, matundu yangu kwenye karatasi, hata ule utetezi wangu wa Roida, ilikuwa ni kutafuta tu majina ya kujaza nafasi kumi. Ningeweza kukataa kusaini ile orodha. Mtu anaweza kuniambia, ulikuwa kijana, ulikuwa kwenye majaribio ya kazi, ungefukuzwa. Ndiyo, ningefukuzwa. Nilisaini kwa kalamu ya bluu, mistari miwili, jina langu na somo langu. Orodha ikabandikwa ubao wa matangazo Ijumaa ya mwisho wa Novemba. Kumi walibeba masanduku yao ya bati kushuka mlima, wengine wanalia, wengine wanapiga kelele za kujifanya hawajali. Jumapili yake mama yake Roida aliniita Ipogolo, akanipikia wali na kuku, akanifungia vitunguu kwenye mfuko mpaka nikashindwa kubeba. Nilikula nikashiba. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Roida leo ni daktari Mbeya, na nikiumwa nampigia yeye kwanza. Mimi mwenyewe niliishia kuwa mkufunzi wa walimu, na kwa miaka zaidi ya ishirini nimesimama mbele ya vijana katika kumbi za Mbeya na Iringa nikiwafundisha kutunga maswali ya kuchagua yenye uhalali. Kila semina niliifungua kwa kisa cha mshipa. Niliwaandikia maneno manne ubaoni, nikawaambia wayatafsiri, na ukumbi mzima ukacheka walipogundua. Halafu niliwaambia jinsi binti wa muuza nyanya alivyookolewa kwa mazungumzo ya dakika arobaini. Wengine walilia. Nilipewa vyeti kwa sababu ya kisa kile. Sehemu ya pili, pale kidole kinaposhuka na kuhesabu kurudi juu, sikuwahi kuisimulia, na baada ya muda nilifikia mahali ambapo hata nikiwa peke yangu kisa kilikuwa kinaishia Ipogolo, kwenye wali na kuku. Nilijua kuna mtu alifuata kwenye orodha. Uso wake nilikuwa nimeupoteza.

Msibani, baada ya wasemaji, wanawake walipita na chai. Mmoja alisimama mbele yangu, mwanamke wa umri wa makamo, kitenge kimefungwa juu ya sweta, akanipa kikombe kwa mkono wa kushoto na kuomba radhi. Mkono wake wa kulia haukuwa na vidole viwili.

"Msumeno," akasema, alipoona nimetazama, kisha akanisalimu kwa Kihehe. "Nipo kiwanda cha mbao hapahapa Mafinga, miaka mingi. Kamwene, madam. Hujanikumbuka. Editha."

Nilitaka kusimama, akanizuia begani, akakaa kiti cha jirani na birika lake. Nikamuuliza alikuja vipi, nikimaanisha kwa nini amekuja kumhudumia mtu yule. Akasema walikuwa kanisa moja, na kwamba mzee alimsaidia sana mwanawe kupata shule. Nilisema nilichokuwa nacho, kwamba nasikitika, kwamba yale maswali sita tuliyafuta kwa kuwa yalikuwa mabaya, na kwamba wengi walioyapata walibahatisha tu herufi.

"Mimi sikubahatisha," akasema. Hakuonyesha hasira, alikuwa kama mtu anayesahihisha tarehe. "Ule mshipa ulinisumbua tangu kidato cha pili. Nikaazima maktaba kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza, nikaandika moja moja kwenye daftari, huu unabeba damu, huu unabeba taarifa, huu unashika nyama na mfupa. Baiolojia nyingine nilikuwa sijui vizuri, madam, nisikudanganye. Hiyo nilikuwa naijua."

Nikamuuliza kwa nini hakuja kuniambia.

"Nilikuja. Tulisikia kwamba Roida umemwita, na kwamba mnapitia maswali ya mtihani. Nikachukua daftari langu nikakaa kwenye ngazi za maabara, nikasema akitoka yeye, na mimi nitaingia. Akatoka anacheka. Nikangoja kidogo, maana nilikuona kupitia dirisha unaandika. Halafu ukatoka, ukafunga mlango kwa kufuli, ukaniona."

"Nikasema nini?"

Alikuwa anafuta mfuniko wa birika kwa ncha ya kitenge. Watu walianza kunyanyuka, mtu akamwita kutoka jikoni kwamba chai imekwisha upande wa wanaume.

"Ulisema, 'Wewe nenda tu bwenini, mvua inakuja.'"